Hedifoni ya Upande wa Kushoto

Siku ya mnada wa korosho, ghala la ushirika huwa na kelele kuliko mahali pengine popote Mtwara, na hapo ndipo Beatrice alipokwenda kupima watu masikio. Hakuwa na njia nyingine. Utafiti wake ulihusu watu wazima wanaopoteza usikivu, na wakati wa msimu watu wazima wote wa vijijini walikuwa pale, wakilinda magunia yao. Alipewa stoo nyuma ya mizani. Akaegemeza magodoro ukutani ili kupunguza sauti, akaweka mashine mezani, akavaa hedifoni. Mlio wa kwanza ulimezwa na lori lililokuwa likinguruma chini ya dirisha.

Akatoka nje. Alikuwa na gauni la kitenge cha kijani, koti jeupe juu yake, na raba zilizokwisha geuka nyekundu kwa vumbi. Kwenye meza ndefu chini ya paa la bati, mwanamume mrefu aliyevaa koti la bluu lenye madoa ya mafuta ya korosho alikuwa akipasua korosho kwa kisu, moja moja, na kuzitenga: nzuri huku, zilizosinyaa huku, zilizooza kule.

"Kaka, samahani. Naomba lile lori lizimwe."

"Lori gani?"

"Linalonguruma."

"Hapa yote yananguruma, dada." Hakuinua macho. "Limekukosea nini?"

"Napima usikivu. Nahitaji kimya."

Hapo akaweka kisu chini. "Umekuja kutafuta kimya mnadani?" Akawageukia wabeba magunia. "Jamani, mmesikia? Dokta anatafuta kimya!"

"Mimi si daktari. Ni mtafiti."

"Mtafiti wa wapi?"

"Kwetu Njombe."

"Ahaa! Kwenye baridi. Huko saa moja jioni mji mzima uko ndani ya blanketi, kimya mnakipata bure."

"Huko kwetu mtu akiombwa jambo dogo hulifanya bila hotuba."

Wabeba magunia wakapiga makofi. Yule bwana akatabasamu kama mtu aliyepigwa bao la halali, akainuka, akaenda kuongea na dereva. Lori likazimwa. Kisha akawaambia wabeba magunia wakale mapema.

"Una saa nzima ya kimya, mtafiti. Ukimaliza, tutakula wote. Naitwa Mathayo."

Mathayo alikuwa mkaguzi wa ubora. Neno lake ndilo lililoamua daraja la korosho za kila mkulima, na kwa hiyo alizoea kutazama kitu mpaka ndani kabla ya kukisifu. Beatrice naye aliamini kilichopimika. Walikula wali kwa pweza kwenye benchi la mama lishe, wakabishana kuhusu namna ya kuchagua sampuli, na walipoachana kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Miezi iliyofuata simu ilipigwa kila siku baada ya kazi.

"Mamaa, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chai na mkate."

"Hicho si chakula, hicho ni kiamshakinywa kilichochelewa. Nakuja na samaki."

"Njoo na samaki, uache matani nyumbani."

"Matani ndiyo mboga yenyewe, mpenzi."

Kitu kimoja tu kilimkera Mathayo, naye alikitania ili kisimkere zaidi. "Huyu Mikaeli wa Dar," alisema siku moja jina lilipotokea tena kwenye kioo cha simu ya Beatrice. "Anakupigia kunizidi. Ana nini?"

"Ana sauti nzuri," Beatrice alijibu kwa kejeli, akaondoka kwenda kupokea.

Mikaeli alikuwa fundi wa mashine za kupimia usikivu, na walikuwa wakizungumza kuhusu hitilafu. Kila asubuhi, kabla ya kumpima mtu yeyote, Beatrice aliijaribu mashine kwa masikio yake mwenyewe, kama wafanyavyo watu wote wa kazi hiyo: anatafuta mlio mdogo kabisa anaoweza kuusikia kulia, kisha kushoto. Kushoto mlio ulikuwa umefifia. Akahukumu kwamba hedifoni ya upande huo imeliwa na chumvi ya pwani. Kwa kuwa hakutaka kusimamisha utafiti, alipima pengo, na katika majibu ya kila mtu akaliondoa pengo hilo upande wa kushoto, kama kosa la mashine. Ilikuwa hesabu rahisi. Wiki baada ya wiki pengo liliongezeka, naye aliongeza anachoondoa.

Kwa hesabu hiyo alimpima Mama Tumaini, mama yake Mathayo, aliyeishi na mwanawe mtaa wa Chikongola, na kumwambia kwamba sikio lake la kushoto lina uzee wa kawaida tu, halihitaji chochote.

Mwishowe aliipeleka mashine Dar. Fundi akampigia.

"Mashine yako nzima, mwanangu. Pande zote mbili sawasawa. Uligeuza hedifoni?"

"Ndiyo," Beatrice akasema.

Hakuwa amegeuza. Kugeuza hedifoni, ya kulia ikae kushoto na ya kushoto ikae kulia, ni jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi: kasoro ikihama, ni ya hedifoni, kasoro ikibaki, ni ya sikio. Mashine iliporudi alifunga mlango wa ofisi, akageuza hedifoni. Kasoro haikuhama.

Alikaa akitazama ukuta. Mama yake alikuwa kiziwi. Alianza kupoteza usikivu akiwa na umri huu huu wa Beatrice, sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia. Baba yake, mwalimu mpole ambaye hakuwahi kumpiga mtu, mwanzoni alirudia maneno; baadaye akayafupisha; mwishoni akahamia sebuleni na redio yake, na wale watu wawili wakaishi chini ya paa moja bila mazungumzo, miaka na miaka. Beatrice alijua kwa nini hakugeuza hedifoni. Aliogopa kujua.

Mjomba wa Mathayo alikuwa anatarajiwa kutoka Newala kuleta posa. Beatrice aliandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena: "Mathayo, tusiendelee. Mwambie mjomba asije. Nisamehe."

Simu ikaita papo hapo. Akaiweka sikio la kulia.

"Betty, huu ni utani gani?"

"Si utani."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Basi sema! Nimekuudhi? Mama amekuudhi? Kazi yangu ya kupasua korosho imekuwa ndogo?"

"Usiseme hivyo."

"Ni huyo Mikaeli?"

Beatrice akafumba macho. Mikaeli alikuwa na wajukuu. "Ndiyo," akasema. "Ni yeye."

Upande wa pili palikuwa kimya, naye kwa mara ya kwanza hakujua kama kimya kile ni cha Mathayo au ni cha sikio lake.

"Haya," Mathayo akasema mwishowe. "Mbaki salama."

Baada ya hapo kazi ilibaki moja: kuwarudia wote aliowapima baada ya pengo kuanza na kuwaambia kwamba majibu yao si sahihi. Alimwandikia msimamizi wake ukweli. Hakulala vizuri, alikonda, na barabarani alianza kutembea huku akigeuza shingo kama ndege, akitafuta kila sauti inatoka wapi. Wa Chikongola walikuwa karibu zaidi, na miongoni mwao alikuwamo Mama Tumaini. Alichagua saa ambayo Mathayo huwa kazini.

Mathayo alikuwapo. Alifungua mlango, akamtazama kuanzia raba mpaka uso.

"Umesahau nini?"

"Nina jambo la mama."

"Mama anaumwa."

Mama Tumaini alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono wa kushoto umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekonda, wewe, kama mhogo wa kiangazi. Kaa upande huu, huko sikusikii."

Beatrice alibaki amesimama. "Mama, mkono umefanyaje?"

"Bajaji. Nilikwisha vuka nusu ya barabara, likanijia huku." Akanyanyua plasta. "Dereva anaapa alipiga honi. Labda alipiga. Mimi nilimwambia huyu mwanangu hapa, sikio hili halisikii. Akanijibu, mama, Betty kapima kwa mashine, acha ukaidi."

Mathayo aliinamisha kichwa.

Beatrice alikuwa ameandaa maneno. Yalimtoka bila mpangilio. Alieleza mashine, pengo, hesabu, hedifoni ambayo hakuigeuza. "Mashine haikuwa mbovu. Sikio langu ndilo bovu. Nilipima sikio lako kwa sikio langu, mama, nikakuambia uko mzima. Siwezi kusema bajaji lilikugonga kwa sababu hiyo. Siwezi kusema pia kwamba si kwa sababu hiyo."

"Sikio lako?" Mathayo akauliza.

"Na Mikaeli ni fundi wa mashine. Ana wajukuu."

Nje mtu alikuwa akitangaza dagaa.

"Vaa," Mathayo akasema.

"Nini?"

"Hiyo mashine umekuja nayo. Vaa hedifoni. Niambie nibonyeze wapi."

"Mathayo, hujasomea..."

"Nimesomea kupasua kitu na kutazama kilichomo. Vaa!"

Akavaa. Akamwonyesha vitufe, akashika kitufe chake cha kujibu, akampa mgongo. Hakuwahi kupimwa hivi. Alipojipima mwenyewe alijua mlio unakuja lini, na akili ilimsaidia kusikia. Sasa hakujua kitu. Sikio la kulia lilijibu. La kushoto alisubiri. Akasubiri tena. Aliona kwenye kioo cha kabati kidole cha Mathayo kikibonyeza, kikibonyeza, na uso wake ukibadilika, na yeye hakusikia chochote. Akafumba macho ili asiibe majibu. Mlio mmoja mnene ukaja, mbali kama ng'ombe wa ng'ambo ya mto, naye akabonyeza kwa nguvu zote hata kidole kikauma.

Walipomaliza, Mathayo aliweka karatasi mezani. Mstari wa kushoto ulikuwa umeporomoka. "Nisomee."

"Milio myembamba imekwenda. Minene imebaki kidogo. Kwa ukoo wetu, la kulia hufuata." Aliifuata mistari kwa kidole. "Sauti nene kama yako ndiyo itakayoondoka mwisho. Nitasikia kwamba unaongea. Sitajua unasema nini."

"Mashine za kuvaa sikioni?"

"Zitasaidia kwa muda. Hazirudishi kilichokufa."

"Na watoto?"

"Nusu kwa nusu."

Mathayo akatoka uani. Walimsikia akisogeza ndoo isiyo na sababu ya kusogezwa.

"Mwache," Mama Tumaini akasema. "Anahesabu. Marehemu baba yake naye alikuwa hivyo, habari nzito anaipeleka nje kwanza."

"Mama, nisamehe."

"Nitakusamehe mkono ukiacha kuniwasha. Leta hizo hedifoni, unipime sawasawa."

Alimpima. Safari hii hakuondoa kitu. Sikio lilihitaji kifaa, na lilikuwa likikihitaji tangu siku ile ya kwanza.

Mathayo aliporudi alibaki mlangoni. "Mkono wa mama sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui nitaweza lini."

"Najua, Mathayo."

"Hujui. Unadhani nimekasirika kwa sababu ya sikio. Sikio ni lako. Lakini uliketi peke yako, ukanihukumu kwamba nitahamia na redio sebuleni kama mzee wako uliyenisimulia, ukanipa daraja la chini bila hata kunipasua. Mimi korosho ya mtu siifanyii hivyo."

Beatrice alianza kukunja waya wa hedifoni.

"Umebakiza watu wapi?"

"Msimbati. Nakwenda kesho."

"Wazee wa kule wakianza kukugombeza kwa Kimakonde, wote kwa pamoja, utafanyaje na sikio moja?"

"Sijui."

"Nitakuja." Akamtazama mama yake aliyeanza kutabasamu. "Ni kazi, mama. Usianze."

"Nimesema kitu mimi?"

Msimbati waliwakusanya watu kwenye darasa la shule. Walikuja wavuvi na wakulima, vikoi viunoni, kofia vichwani, na wake zao waliowashika viwiko. Njia nzima Mathayo alikuwa amesema maneno machache, yote kuhusu barabara. Beatrice alisimama mbele, gauni limemganda mgongoni kwa jasho.

"Nilikuja hapa nikawapima, nikawaambia baadhi yenu masikio yenu ya kushoto ni mazima. Si kweli. Nilikosea mimi. Si mashine, wala si ninyi. Nimekuja kuwapima tena, na atakayekataa ana haki."

Mathayo alitafsiri. Manung'uniko yakapanda; mzee mmoja, Mzee Salumu, akasimama, akasema kwa ukali, akimnyooshea Beatrice fimbo. Mathayo akamjibu. Alisema kirefu, kirefu kuliko maneno yote aliyosema Beatrice, na taratibu darasa likatulia. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele kifupi, wenzake wakacheka.

Beatrice alikiona kicheko midomoni mwao kabla ya kukisikia. Akamsogelea Mathayo. "Umeongeza nini?"

"Kidogo."

"Mathayo. Ni utafiti. Siwezi kuwa na tafsiri yenye maneno yasiyo yangu. Umesema nini?"

Mathayo akamgeukia mwili mzima, uso kwa uso, ili Beatrice asipoteze hata silabi moja.

"Nimewaambia aliyekosea ni mchumba wangu. Kwa hiyo anayetaka kutukana atutukane wawili, na aanze na mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayesikia vizuri."

Mzee Salumu alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti cha kupimiwa, amevua kofia, anangoja. Beatrice alichukua hedifoni. Akamvisha, akampa kitufe cha kujibu, kisha akamwomba mchumba wake amweleze kwa Kimakonde abonyeze lini.