Swali Ambalo Halikuwemo kwenye Fomu

Duka la fotokopi la Kamenge, jirani na hospitali ya chuo kikuu, lilikuwa na mashine mbili na wateja kama ishirini, na mashine moja ilikuwa imekwama. Sijaona alisimama katikati ya msongamano ule, gauni la kitenge cha kijani mwilini, mtandio mweupe kichwani, jasho likimtiririka mgongoni. Faili lake la maombi lilitakiwa kufika kitivo cha sheria, mjini, kabla ya saa sita. Saa tano ilikuwa imeshapita.

"Unanisukuma," alimwambia kijana aliyekuwa nyuma yake.

"Siyo mimi, dada. Ni mutu wa nyuma yangu. Na yeye anasukumwa na mwingine."

Sijaona aligeuka amtukane. Akamwona kijana mrefu, ovaroli ya buluu imelowa oili mpaka viwikoni, lakini mikono ameiosha ikatakata, kama mtu aliyejua anakwenda kushika karatasi. Akaliacha lile tusi. Akanyakua nakala zake, akatoka mbio.

Alikuwa mlangoni mwa kitivo simu ilipolia.

"Allo, ni mademoiselle Sijaona?"

"Ni nani?"

"Naitwa Tajudini, tulikuwa wote ku fotokopi. We uko na karatasi ya pikipiki yangu, na mi niko na yako moja. Ile ya pointi za chuo, na namba yako ya simu iko juu. Sheria ya kazi, kumi na saba ku makumi mbili. We mutoto unasoma."

Sijaona alifungua faili, akaona ni kweli. Bila karatasi ile ya alama maombi yasingepokelewa.

"Usisome vitu vyangu. Leta, haraka."

"Niko njiani. Ukiongeza ukali nitapunguza mwendo."

Alifika zikiwa zimebaki dakika mbili. Siku ile Sijaona hakushukuru. Alishukuru kesho yake kwa simu, na simu ile ilichukua saa nzima.

Mapenzi yao yalianza hivyo. Tajudini alikuwa fundi pikipiki, ana gereji yake ndogo pale Kamenge. Sijaona aliishi Carama na mama yake na dada yake Khadidja, akiwa mwaka wa mwisho wa sheria. Kila Jumamosi Tajudini alimfuata, wakala mishikaki na ndizi za kuchoma, yeye akimwita "Maître wangu", kama watu wanavyomwita wakili.

"Maître wangu, leo umemushtaki nani?"

"Wewe. Umechelewa dakika kumi."

"Mi nakubali kosa. Hukumu?"

"Lipa mishikaki."

Maombi yale yalikuwa ya ufadhili wa mwaka mmoja Arusha, kwenye kituo kinachotetea wafanyakazi wa majumbani. Kila kitivo kilipeleka jina moja tu. Sijaona alikuwa ameandika tasnifu yake juu ya wasichana wanaofanya kazi za ndani bila mkataba, na darasani hakuna aliyemshinda kwa alama. Tajudini alikuwa akiwaambia hata wateja wake kwamba Maître wake anakwenda Arusha.

Baada ya miezi mitatu jina lilibandikwa ukutani. Lilikuwa la Prodige, mwenzake wa darasa. Prodige mwenyewe alisimama mbele ya ile karatasi, akamwambia Sijaona kwa sauti ya chini, "Hata mi nimeshangaa."

Sijaona alikwenda moja kwa moja kwa Madame Lisette, karani wa kitivo.

"Kamati imeona we unaolewa," Madame Lisette alisema, macho kwenye kompyuta. "Mwaka mzima Arusha, halafu unaacha katikati juu ya harusi? Nafasi ingepotea."

"Naolewa na nani?"

"Fiancé wako ndiye alisema. Nilipiga ile namba yako ya pili."

Namba ya pili ilikuwa ya Tajudini. Sijaona aliiongeza kitivoni baadaye, walipokwisha kuzoeana, kwa sababu kule Carama mtandao unapotea ovyo. Hawakuwa wamechumbiana. Neno lenyewe walikuwa hawajalitamka.

Alimkuta gerejini, amepiga magoti mbele ya pikipiki, spana mkononi.

"Ulisema nini ku simu na karani wa kitivo?"

Tajudini aliinua uso akitabasamu, tabasamu likafa. "Aliuliza mi ni nani kwako. Nikasema mi ni fiancé."

"Tangu lini?"

"Ilitoka tu. Nilisikia raha kuisema."

"Raha yako imekula mwaka wangu. Nafasi wamemupa Prodige, juu eti mi naolewa."

Tajudini alisimama. "Sijaona, mi sikujua."

"Ulijua. Hukutaka niende. Ulitaka nibaki hapa nikukaangie ndagala za ziwani."

Mafundi wawili waliokuwa karibu wakajifanya hawasikii. Tajudini aliweka spana chini taratibu, na upole ule ulitisha kuliko kama angeitupa.

"Mi nilikimbiza karatasi yako mpaka mulangoni kwao. Kama nilitaka ubaki, ningekwenda polepole. Ondoka hapa, Sijaona. Kwenda uwagombeze wale walioandika jina ya mutu mwingine. Kwao unaogopa, kwangu ndiyo unapata sauti."

Aliondoka. Siku kumi na moja hakuna aliyempigia mwenzake. Sijaona alilala na hasira, akaamka nayo, akala nayo. Tajudini alimkatalia mteja mmoja, akamfokea mwingine, na jioni alipokuwa akinawa mikono alijikuta akiisugua mpaka inauma.

Siku ya kumi na mbili Khadidja alichoka. Alikuwa anachagua mchele uani, akasikia mdogo wake akimlaani Tajudini kwa mara nyingine.

"We unamukasirikia mutu aliyejibu," alisema. "Aliyeuliza je?"

Sijaona aliinuka. Halafu aliingia ndani akatoa masharti ya ufadhili, kurasa nne, akazisoma neno kwa neno. Umri ulikuwemo, alama zilikuwemo, lugha zilikuwemo. Ndoa haikutajwa popote. Alikaa akaandika malalamiko kwa kitivo, na nakala kwa kile kituo cha Arusha. Alipofika mahali pa ushahidi, kalamu ikasimama. Alipiga simu.

"Allo."

"Ni mimi."

"Naona. Jina inatokea."

"Nataka uandike yote aliyokuuliza ule madame. Yote."

"Bado unafikiri nilifanya kusudi?"

"Apana. Nilisema vibaya, unisamehe. Lakini bado nimekasirika."

"Na mi pia."

"Basi njo na hasira yako. Iko na kazi."

Alikuja Carama amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaketi mezani, akaandika kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi. Sijaona alisoma juu ya bega lake, akamshika mkono.

"Alikuuliza hivi?"

"Aliuliza mutoto wa kwanza munamutaka lini. Nilicheka, nikafikiri ni utani. Nilisema, Mungu akipenda, mwakani." Tajudini hakumtazama. "Ile siku ku gereji nilishindwa kukuambia. Nilisikia haya."

Hasira ya Sijaona ilipanda, na kwa mara ya kwanza haikumwelekea Tajudini.

Wiki iliyofuata walisimama pamoja mbele ya Profesa Marcellin, mkuu wa kamati, mwanamume wa suti ya kijivu na miwani ya dhahabu. Alisoma barua akiwa ameinua nyusi.

"Mademoiselle, kamati ilitumia busara. Wasichana wangapi tumewapeleka, wakarudi na mimba badala ya cheti?"

"Wangapi, Prof?" Sijaona aliuliza. "Niambie hesabu."

Profesa aliikunja barua. Akamgeukia Tajudini. "Na wewe kijana, haya ni mambo ya chuo."

"Mulinipigia simu mimi," Tajudini alijibu. "Siku ile yalikuwa mambo yangu."

Mlango ulikuwa wazi. Prodige, aliyekuja kutia sahihi fomu zake za safari, alikuwa amesikia yote. Aliingia, akaweka fomu mezani bila sahihi.

"Prof, mi niko na muke, na mutoto wa miaka miwili. Hakuna mutu aliniuliza."

Madame Lisette, mezani pake nje ya mlango, aliacha kuandika.

Arusha walijibu baada ya siku tisa. Walitaka alama za wanafunzi wote, bila maelezo mengine, na kwa alama nafasi ilikuwa ya Sijaona. Prodige alimpa mkono bila kutabasamu, akaenda zake, naye Sijaona hakuona kama ana haki ya kumdai tabasamu. Profesa Marcellin hakuomba radhi. Alimpongeza hadharani, kama vile yeye ndiye aliyemchagua, na Sijaona alitamani kumrudishia pongezi zile usoni.

Asubuhi ya safari, kituoni, watu wakipandisha mizigo juu ya basi, Tajudini alishika begi la Sijaona asitake kuliachia.

"Sijaona, nilitaka kukuuliza kitu."

"Usiulize."

"Hujui swali."

"Najua, roho yangu. Ukiuliza leo nitasema ndiyo, na nitapanda hii bus hivyo walivyosema, musichana anayeolewa. Sitaki kuwapa hiyo."

"Basi lini?"

"Nikimaliza. Na mi ndiye nitauliza."

Kondakta alikuwa akiita watu wapande.

"Na nikikataa?"

"Nitakata rufaa," Sijaona alisema, akachukua begi lake mkononi mwa Tajudini, akapanda.