Sehemu Aliyopewa Runji

Kila Jumapili, baada ya ibada na chakula cha mchana, wasichana wa shule moja ya bweni huko Kibugu waliruhusiwa kutazama televisheni. Televisheni yenyewe ilikuwa moja tu, tena ndogo, juu ya kabati la ukumbi wa kulia. Wasichana waliketi sakafuni wakiwa wamevuta sweta zao hadi magotini, kwa maana Kibugu iko karibu na msitu wa Mlima Kenya na baridi ya huko haina huruma. Wakati huo, katika miaka ya tisini, mchezo uliopendwa zaidi ulihusu tajiri mmoja na wake zake wawili wasioelewana.

Ciakuthii, mwanafunzi wa darasa la saba kutoka Siakago, hakuwajali tajiri na wake zake. Macho yake yalimngoja mlinzi. Mlinzi huyo alikuwa mtu mzima mwenye koti lililochanika. Kazi yake ilikuwa kufungua geti, kusema "Ndiyo, mkubwa," na kupigwa kofi kila tajiri alipokasirika. Wasichana walimcheka hadi wakatoa machozi. Njoki, aliyejiona malkia wa darasa kwa sababu baba yake alikuwa na gari, alisimama akaiga jinsi mlinzi alivyoinama, kisha akasema kwamba mtu wa namna hiyo afadhali angezaliwa punda. Ciakuthii alicheka kuliko wote.

Mlinzi huyo alikuwa baba yake.

Jina lake lilikuwa Runji wa Munyi. Alianza kuigiza akiwa kijana, katika mchezo wa Krismasi kanisani kwao Siakago. Alipewa sehemu ya mwenye nyumba ya wageni, akawafukuza Yusufu na Mariamu kwa ukali hata bibi mmoja akainuka kwenye benchi na kumkemea. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Aliacha ukarani, jamaa zake wakasema amerogwa, naye akajiunga na kikundi kilichozunguka shule za sekondari za Embu na Meru kikiigiza vitabu vya fasihi vya mtihani. Huko alikuwa tarishi, mlevi, shahidi wa pili, na mara nyingi maiti. Baadaye alikwenda Nairobi. Katika redio alikuwa sauti ya mtu anayebisha hodi. Wazungu walipokuja kupiga filamu, alipigwa risasi mwanzoni kabisa, akalala juani mchana kutwa kwa sababu mwigizaji mkuu alikuwa akisahau maneno yake.

Hakuwahi kuwa mkuu wa mchezo wowote. Wachekeshaji wa sokoni Siakago walimwita Ndiyo Mkubwa, na wenye maduka, ambao hawakuwahi kusimama mbele ya watu hata kusoma tangazo, walimsalimu kwa jina hilo wakipigana mabega. Hata hivyo waelekezi wa michezo waliendelea kumwita, kwa kuwa Runji alipopigwa kofi, mtazamaji alijishika shavu. Kazi hiyo, pamoja na biashara ya ndengu ya mkewe, ndiyo iliyomsomesha Ciakuthii.

Ciakuthii hakuona fahari yoyote katika hayo. Shuleni alikuwa amewaambia wenzake kwamba baba yake ni mkubwa wa filamu, anayevaa suti na kuwaamuru waigizaji wote. Uongo huo aliulisha kila muhula, nao ukanenepa. Njoki, ambaye hakuwa na muda na mtu asiye na kitu, alimkubali katika kundi lake. Ili uongo usifichuke, Ciakuthii alimwomba mama yake awe akija peke yake siku za wazazi, akisingizia kwamba baba ana kazi nyingi.

Muhula wa pili, mama alishikwa na malaria. Basi siku ya wazazi ilipofika, Runji alikuja mwenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha. Gari alilopanda lilikwama katika matope, akatembea sehemu iliyobaki kati ya mashamba ya majani ya chai, amevaa viatu vya mpira na koti la zamani. Kichwani alikuwa amebeba beseni lenye kuku, chapati na chupa ya asali. Alipofika langoni, Ciakuthii alikuwa amesimama na Njoki na wasichana wengine. Runji alitabasamu akaanza kumwita.

Njoki alimkagua mgeni kuanzia viatu hadi kofia, akauliza ni nani.

"Ni mtu wa kazi wa kwetu," Ciakuthii alisema. "Wazazi wamemtuma."

Alisema kwa sauti, tena Runji alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Tabasamu lake lilisimama. Kwa muda alimtazama binti yake, naye Ciakuthii akaangalia pembeni, akingoja aibu imwangukie. Haikumwangukia. Mabega ya Runji yalishuka. Shingo ilijikunja, macho yakatafuta ardhi. Alitua beseni, akavua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

"Mama alinituma nilete hii chakula," alisema kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu asiyezoea kusikilizwa. "Mzee iko safari. Hawezi fika."

Hakuna aliyeshuku, wala aliyemtambua mlinzi wa kwenye televisheni ile ndogo, kwa kuwa huko alibandikwa ndevu. Ciakuthii alishusha pumzi, akajiona mjanja.

Ujanja huo ulianza kumchoma mapema. Baba yake Njoki, Bwana Mwendwa, alifika na gari lake likazama matopeni langoni. Hakuomba msaada. Alimpungia Runji kidole, kama mtu anayeita mbwa, akamwambia asukume. Runji alisukuma. Magurudumu yalimrushia tope hadi usoni, gari likatoka, na Bwana Mwendwa akapita bila hata kushusha kioo. Baadaye Ciakuthii alimsikia akiwaambia wazazi wenzake kwamba watu wa Siakago, huko chini kwenye ukame, hufaa kwa kazi hizo, maana hawakuumbiwa kingine. Wazazi wenzake walicheka, kwa sababu mwenye gari alikuwa amesema.

Wasichana walikaa kwenye nyasi, wakala kuku wa Ciakuthii. Njoki alikula paja, akalisifu, kisha akakusanya mifupa na vipande vya ngozi juu ya kifuniko cha beseni. Alimwambia Ciakuthii ampelekee mtu wao wa kazi, kwa kuwa watu kama hao hawachagui. Wengine waliitikia. Ciakuthii alikichukua kifuniko, kwani hakujua angekataa kwa maneno gani.

Baba yake alikuwa amekaa nyuma ya jiko, juu ya rundo la kuni, tope likimkaukia shavuni. Alipomwona alisimama, akapokea kifuniko kwa mikono miwili.

"Asante, binti," alisema kwa sauti ileile ya mtu wa kazi.

"Baba, acha," Ciakuthii alinong'ona. "Hapa hakuna mtu."

Runji aliitazama ile mifupa. Aliposema tena, sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Mwigizaji akishapewa sehemu, anaicheza mpaka pazia lifungwe. Hii umenipa wewe. Kulifunga pazia si juu yangu."

Akaketi tena, akainamisha kichwa. Ciakuthii aliondoka. Alipofika kwenye kona ya jiko aligeuka, akitumaini kumkuta baba yake ameinuka. Hakuwa ameinuka.

Kengele ililia. Wazazi wa darasa la saba waliingia darasani kuzungumza na mwalimu wao, Bi. Wambeti, mwanamke mpole ambaye hata hivyo hakupenda kurudia jambo. Kila mwanafunzi alipoitwa alisimama na mzazi wake. Bi. Wambeti alipofika kwa Ciakuthii, aliuliza kama kuna mtu aliyekuja. Njoki alijibu kwa niaba yake kwamba amekuja mtu wa kazi tu, tena mchafu, hafai kuingia darasani.

Ciakuthii alisimama.

"Si mtu wa kazi," alisema. "Ni baba yangu. Nilisema uongo. Ndiye yule mlinzi wa kwenye televisheni, na mimi nimekuwa nikimcheka pamoja nanyi."

Kicheko kilitoka nyuma ya darasa, kikafuatwa na kingine. Njoki alimtazama kama mtu aliyegundua kwamba amekula na mwenye ukoma. Bwana Mwendwa aligeukia dirisha, akajifanya anasoma mawingu. Ciakuthii hakungoja waishe kucheka. Alitoka mbio hadi kwenye kuni, akamshika baba yake mkono mbele ya wapishi, akamwingiza darasani na tope lake lote.

Bi. Wambeti alisimama kumpokea. Alimpa kiti chake mwenyewe, akamtaka radhi kwa niaba ya shule. Kisha aligeukia darasa.

"Leo mtu mzima amedharauliwa hapa," alisema. "Hakuwa ameiba wala kutukana. Koti lake tu ndilo lililotiwa tope. Mnaocheka, jipimeni. Anayemdharau mtu kwa sababu ya kazi yake anaonyesha jinsi yeye mwenyewe alivyo mdogo. Na wewe, Ciakuthii, heshima unayoipata kwa kumkana mzazi wako si heshima. Ni wizi, na aliyeibiwa ni baba yako."

Bwana Mwendwa alisema kwamba ana haraka, akaondoka na binti yake kabla ya chai.

Usidhani mambo yalitengenea mara moja. Njoki alimfukuza Ciakuthii katika kundi, na kwa muhula mzima wasichana fulani walimwita Mtoto wa Geti. Aliumia, lakini hakulazimika tena kukumbuka alichomwambia nani, na usingizi wake ukawa mzito. Rafiki aliobaki nao walikuwa wachache, na wote walijua alikotoka.

Jioni ile ya siku ya wazazi alimsindikiza baba yake hadi njia kuu. Njiani alimwomba msamaha, akilia, akamwambia kwamba aliigiza vizuri mno, hata yeye karibu aamini.

Runji alisimama.

"Nimepigwa makofi mengi katika kazi yangu," alisema. "Wanaonipiga huwa wanaigiza. Tukimaliza tunakula pamoja, na tajiri wa mchezo huniuliza kama ameniumiza. Leo wale hawakuwa wakiigiza, mwanangu. Na hata wewe, pale langoni, hukuwa ukiigiza."

Ciakuthii alimfuta tope lililobaki shavuni kwa mkono wa sweta yake.

"Nimekusamehe," baba yake alisema, akivaa kofia. "Nitakuwa mlevi, nitakuwa mlinzi, nitakuwa hata maiti. Lakini sehemu ya mtu asiye baba yako, usinipe tena."