Gari la Jina la Kuazima

Gari liliibwa Jumanne mchana, mvua ikinyesha. Jumatano asubuhi vitu vilivyokuwa ndani yake vikarudi.

Inspekta alichutama barazani kwa dereva aliyeibiwa akavitazama: miwani ya jua, viatu vya shule vya mtoto, koti la kijivu. Vilikuwa vimepangwa juu ya gazeti, mahali pakavu, mbali na matone ya paa. Koti lilikuwa limekunjwa vizuri, mikono ikiingia ndani.

"Wezi nimewaona wa kila aina, afande," sajini alisema. "Wa kukunja nguo ndiyo kwanza leo. Mume wangu mwenyewe hawezi."

Dereva alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, mkewe nyuma yake. Sokoni walimwita Mwendopole, kwa sababu aliwabebea wafanyabiashara nyanya na hakuwahi kumpondea mtu hata tenga moja.

"Tueleze tena," Inspekta alisema.

"Nilikula, nikajilaza kidogo. Mvua ilikuwa inapiga bati, hata ukiitwa sikioni husikii. Kuamka, gari hakuna."

"Ufunguo?"

"Huu hapa. Haukutoka mfukoni."

"Kuna kioo kilichovunjwa?"

"Hata kipande hatujaokota."

"Basi aliyelichukua alikuwa na ufunguo wake. Wa pili uko wapi?"

Mwendopole alitazama chini. "Kwa muuza magari. Nililichukua kwa mkopo, afande. Ufunguo mmoja anabaki nao mpaka umalize kulipa."

"Ulikuwa umemaliza?"

"Ijumaa iliyopita. Awamu ya mwisho kabisa."

"Ni Winchi!" mkewe alidakia. "Mji mzima unajua ni Winchi!"

Mji mzima ulijua, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Winchi alikuwa mtu wa muuza magari, kazi yake kuwanyang'anya magari wanaochelewa kulipa. Jumanne jioni vijana wa sokoni walimkuta kwenye mizani ya nafaka. Polisi walipofika, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshavunjika. Sasa alikuwa amelala wodini, akirudia neno moja tu: sijui.

Muuza magari walimkuta akipangusa vumbi kwenye magari yake ya mtumba, bei zimeandikwa kwa chaki kwenye vioo vya mbele.

"Mwendopole alikuja kwangu benki zote zimeshamfukuza," alisema. "Aliwahi kukopa pikipiki. Ikaungua, akashindwa kulipa, jina likachafuka. Ukiingiza namba ya kitambulisho chake kwenye kompyuta, unamwonyesha mlango."

"Lakini wewe ukampa."

"Mwenye jina chafu gari anapata, afande. Ila analipia uchafu wake. Riba inapanda, na lazima alete mtu mwenye jina safi akope badala yake. Ndugu zake wote walizima simu."

"Akamleta nani?"

"Mshonaji wa nyuma ya soko, yule mjane. Mkopo ni wake, kadi ya gari ina jina lake. Jamaa alikuwa akimpelekea hela kila Ijumaa, naye Jumatatu anakuja kulipa hapa."

"Na ufunguo wa pili?"

Kitambaa kilisimama juu ya boneti. "Nilimkabidhi mwenye kadi. Jumatatu hii, alipoleta ile ya mwisho. Walikuwa waende wote kubadilisha jina."

"Mtu wako amevunjwa mkono, na hilo hukulisema?"

"Nani aliniuliza? Halafu nani angemdhania yule mama?"

Inspekta alirudi ofisini akalitoa koti kwenye mfuko wa vielelezo. Tangu ahamishiwe mji huu alikuwa akiishi peke yake katika chumba kimoja cha kota za polisi. Mkewe na watoto walibaki kule alikotoka, na simu zao zilikuwa zikifupika kila wiki. Vifungo vyake alijishonea mwenyewe, vibaya, kwa hiyo kazi nzuri alipoiona aliitambua. Mfuko wa ndani wa koti ulikuwa umeshonwa upya. Mishono midogo, ya karibu karibu, uzi wa rangi ileile ya bitana.

Akampigia Mwendopole.

"Mfuko wa ndani wa koti lako umeshonwa lini?"

"Haujashonwa huo, afande. Umetoboka muda mrefu, hela za chenji zinaishia kwenye bitana."

"Sasa umeshonwa."

"Sielewi."

"Mimi naanza kuelewa," Inspekta alisema.

Kibanda cha mshonaji kilikuwa na ua nyuma yake, na ua ulikuwa na geti la bati. Kwenye nguzo ya geti kulikuwa na mkwaruzo mpya wa rangi nyeupe, rangi ya gari. Mama alikuwa kwenye cherehani. Aliwaona, akaendelea kukanyaga.

"Mnaniruhusu nimalize pindo hili?" aliuliza. "Mwenyewe anakuja jioni."

Inspekta alimruhusu. Gari lilikuwa uani, limefunikwa kwa mapazia makuukuu yaliyoungwa mpaka likaenea lote.

Kituoni mama aliketi wima, mikono mapajani. Sajini alifungua kalamu.

"Kadi ina jina lako, mama. Ungeweza kuniambia gari ni lako, nikakosa la kufanya."

"Si langu. Amelilipia yeye."

"Ulitaka kuliuza?"

"Hapana."

"Kuna jambo kati yenu wawili?"

"Ana mke wake. Gauni lake la ubatizo wa mtoto nilishona mimi."

"Basi ulilichukulia nini?"

Mama alisema bila kutua.

"Ijumaa alasiri alikuwa anakuja. Hakuwa mtu wa kutupa hela mlangoni akaondoka. Anaketi. Ananieleza nani kapakia vitunguu kakataa kulipa, mtoto kasema nini shuleni. Mimi watu naonana nao kutwa, lakini ni punguza hapa, achia hapa, itakuwa tayari lini. Yeye alikuwa ananiuliza nimeshindaje, na anangoja jibu. Ijumaa iliyopita kaleta ya mwisho. Kacheka, kaniambia, 'Dada, sasa umepumzika na usumbufu wangu.' Na mimi nikacheka. Alipotoka nilikaa gizani, sikukumbuka hata kuwasha taa."

"Halafu?"

"Nikafikiri, gari likipotea atakuja kwangu. Kadi ina jina langu, lazima aje, tukae, tushauriane pa kulitafuta. Siku chache tu, halafu ningelirudisha."

"Alikuja?"

"Hakuja. Alikwenda kumtafuta Winchi."

Kalamu ya sajini ilisimama.

"Uliposikia Winchi amepigwa?"

"Nilivaa viatu nije. Nikafika mpaka kwenye geti lenu hapo nje, nikashindwa kuingia. Nikarudi nikashona lile koti. Andika hilo, binti yangu. Gari liandike baadaye."

Mwendopole aliitwa kulitambua gari. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mahojiano, kofia mkononi.

"Ungeniambia tu, dada."

"Ningekuambia nini? Usimalize deni?"

Mwendopole alimgeukia Inspekta. "Jina la Winchi nililitaja mimi kule sokoni. Mbele ya watu."

"Najua. Na wewe utaandika maelezo. Waliompiga tunawatafuta."

Mwendopole aliweka mezani fomu ya kubadilisha jina kwenye kadi ya gari. Mama aliisaini bila kuisoma. Mwendopole aliikunja, akaitia mfukoni, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu. Kisha akatoka. Wote watatu walilisikia gari likiwaka, likarudi nyuma, likaenda.

Sajini alikusanya karatasi zake. "Nimpeleke mahabusu, afande?"

"Bado kidogo."

Sajini alimtazama, akatoka, akaurudisha mlango taratibu. Inspekta alikuwa amesimama. Akaketi tena. Maelezo yalikuwa yamekamilika na yamesainiwa. Hakuwa na swali lililobaki.

Kisha mama, macho yakiwa ukutani, akaanza kumsimulia jinsi marehemu mumewe alivyomfundisha kuendesha lori la tajiri wake kwenye uwanja wa mpira, siku ya kwanza tu yeye akaangusha nguzo ya goli.

"Tajiri alisemaje?" Inspekta aliuliza.

Mama akamgeukia, akavuta kiti karibu na meza, akaendelea.