Gari Lililojichaji Lenyewe

Tak.

Mlio mmoja tu, mkavu, kutoka uani. Dereva alifumbua macho gizani akatega sikio. Haukurudi.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona.

"Plagi imechomoka. Lala."

Alitoka na tochi. Gari lilikuwa chini ya dirisha lao, kama kila usiku tangu litolewe sadaka kwa chama cha wagonjwa wa figo. Lilikuwa la mseto, petroli na umeme, na ofisi ya chama haikuwa na mahali pa kulichaji. Waya ulikuwa chini, umekunjwa duara juu ya duara, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Akauchomeka tena, akaifunga plagi kwa kamba. Asubuhi kamba ilikuwa imefunguliwa fundo, haikukatwa. Waya umekunjwa vilevile. Na betri imejaa pomoni, kama ilivyorudi jioni kutoka safarini.

"Sasa unanung'unika nini, Kapteni?" mkewe alimtania kwa jina walilompa wagonjwa. "Umeme wa bure umekukera?"

Akacheka, maana gari lile lilikuwa uhai wao. Kabla yake mkewe alipanda mabasi mawili, mara tatu kwa wiki, kwenda kusafishwa damu, na mara nyingine alifika zamu yake imepita. Daktari alishasema: akikosa tena zamu mbili mfululizo, msinilaumu.

Aliyelitoa ni mshonaji, mjane, asiyetaka shukrani wala picha. Alijaza fomu yote, ila palipoandikwa "kwa niaba ya marehemu" akapaacha patupu. Karani alipomuuliza jina, alijibu, "Hilo kwangu halitajwi," akaondoka kwa miguu, bila kugeuka.

Wiki ya pili, mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu aliyekaa siti ya nyuma, alimvuta Kapteni pembeni.

"Mwanangu, kuanzia kesho mimi ni mtu wa basi."

"Nimekukosea nini, mwalimu?"

"Si wewe." Akashusha sauti. "Kuna mtu ananilalia begani kule nyuma. Nywele zimelowa. Ananuka jasho la homa. Nikishuka, miguu haina nguvu hata ya kupanda ngazi."

Usiku ule Kapteni aliliendesha gari tupu mpaka betri ikakaribia kwisha, na hakulichaji. Alisoma kwenye dashibodi: asilimia tisa. Akaufungia waya kabatini, akalala na ufunguo mkononi.

Asubuhi ilikuwa bado tisa. Akapumua, akaona mzee aliota tu. Akamketisha mkewe nyuma, kwenye nafasi aliyoiacha mwalimu, akamfunga mkanda, wakaondoka.

Barabara ya kwanza, kumi na nne. Alidhani macho yamemdanganya. Kwenye mzunguko, ishirini na sita, na harufu ya jasho la homa ikaanza kupanda kutoka nyuma, nzito na ya moto, ingawa madirisha yalikuwa wazi.

"Mke wangu, uko sawa?"

"Nimechoka," alisema, kwa sauti ya mtu aliye mbali. "Mwambie huyu binti asinilalie."

Kwenye kioo Kapteni hakuona binti yeyote, aliona tu bega la mkewe limebonyea kama lililobeba kichwa, na uso wake unapauka kila namba inapopanda, arobaini, hamsini na tatu, na hospitali ilikuwa bado mbali lakini nyumba ya mshonaji ilikuwa mtaa wa pili, basi akakata kona, akafunga breki mbele ya mlango wake, akaruka nje ili amfungulie mkewe, na kabla hajaugusa mlango vioo vilipanda vyenyewe na kufuli zote zikajifunga.

"Mama! Toka! Umetupa nini?"

Mshonaji alitoka na futikamba shingoni. Alipoliona gari, alinyoosha kidole kwenye siti ya nyuma.

"Alifia pale nyuma," alisema. "Mwanangu wa pekee. Nilikuwa nampeleka hospitali usiku, ananiita, mama, mama, nami namwambia nyamaza, naendesha. Nilipogeuka alikuwa amekwisha nyamaza."

"Ndiye huyu aliyemo humo?"

"Siye. Tabibu aliniambia ni jini, limekuta nafasi yake ingali na joto likakaa. Linamngoja wa kuliita kwa jina la mwanangu. Atakayeliita, litashuka limfuate, liishi naye mpaka mwisho wake. Mimi nikaogopa. Nikaona gari likishakuwa sadaka, jini litakosa nguvu."

"Kwa hiyo ukatugawia sisi?"

Kapteni aliokota jiwe akapiga kioo, akapiga tena, jiwe likapasuka mkononi na kioo hakikupata hata mkwaruzo, na ndani, kwenye dashibodi, themanini na nane, tisini na moja, na kichwa cha mkewe kikaanguka kifuani, na midomo yake iliyokauka ikaanza kuita kwa sauti ya kitoto isiyo yake: mama, mama.

"Nitajie hilo jina, nimwite mimi!"

"Hapana, baba. Wewe una mgonjwa wa kuuguza."

Mshonaji aligeuka akaitazama nyumba yake, chumba kimoja, cherehani dirishani, kitanda cha mtu mmoja. Akauacha mlango wazi. Kisha akalisogelea gari, akaweka kiganja juu ya kioo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akasema:

"Zamda. Shuka, mwanangu. Twende ndani."