Ndoo Ndogo ya Umeme

Mama Vifaranga hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na mita ya umeme, wala subira. Hata kuku hakuwa naye. Alikuwa na sanduku la kutotolea mayai, na swali mdomoni kila saa.

Sandukuni mlikuwa na mayai ya Shangazi. Kuku wa Shangazi walikwisha wote kwa ugonjwa wa kideri. Mayai hayo ndiyo mbegu ya mwisho.

Lakini namba za kipimajoto zilirukaruka kama bisi. Taa ya joto, inayofuata namba hizo, ikawa inawaka na kuzimika ovyo, na mayai yakaanza kupoa. Akamwita wifi yake, fundi redio wa nyumba ya pili.

"Wifi, hili sanduku au disko?" fundi akauliza.

"Cheka, lakini mikono ifanye kazi."

Fundi akazima feni ya sanduku. Namba zikatulia. Akaiwasha, zikaruka.

"Umeona? Waya wa kipimajoto umelala ubavuni mwa waya wa feni. Unadaka makelele ya umeme wake. Joto lenyewe halijaruka."

"Tutatofautishaje makelele na joto?"

"Kwa mwendo. Joto hupanda polepole, makelele huruka upesi. Tupitishe la polepole, tuzime la haraka."

Akachomoa umeme, akatoa vitu viwili vidogo mkobani.

"Hii rezista ni bomba jembamba. Inakaa njiani, kwenye waya wa kipimajoto. Hii kapasita ni ndoo. Mguu mmoja baada ya rezista, mwingine kwenye waya wa hasi. Maji yakija kwa vishindo, bomba linayabana, ndoo inayapokea. Kima cha ndoo hakirukiruki."

"Basi tuweke pipa kabisa!"

"Wifi, usi—"

Lakini fundi alipotoka kufuata risasi ya kulehemu, Mama Vifaranga alichukua mkobani kapasita kubwa kuliko zote, akaisokota pamoja na rezista mahali pake, akawasha.

Namba zikatulia tuli. Akapiga kigelegele. Kisha akatazama kipimajoto cha pili, cha kioo, kilicholala kati ya mayai. Kilikuwa kinapanda. Namba hazikujua habari. Taa ikaendelea kuwaka.

"Wifi! Wifi we!"

Fundi alirudi mbio, akafungua kifuniko.

"Pipa halijai upesi, mama. Joto limeshafika, pipa bado linasubiri. Ndoo ndogo mno huyumba, kubwa mno huchelewa."

"Ungesema mapema."

"Ulinipa nafasi?"

Wakaweka ya kati, wakailehemu. Namba zikatulia, na zikafuatana na kioo, hatua kwa hatua. Hata hivyo, Mama Vifaranga hakulala vizuri mpaka alipoyasikia mayai yakigongwa kutoka ndani.

Hayakuanguliwa yote. Lakini vifaranga waliotoka walikuwa na shingo tupu, zisizo na manyoya, kama kuku wa Shangazi.

Akaandika barua: "Shangazi, kuku wako wamerudi. Njoo uchague jogoo." Akatia ndani ya bahasha kipande cha ganda la yai. Akalamba gundi, akaifunga, akaipeleka posta mwenyewe.