Spika ya Nne

Shangazi yangu aliolewa akiwa mtu mzima, na mgane mtaratibu aliyenukia sabuni na asiyepandisha sauti hata kwa kuku. Mtaani walimwita Bwana Santuri, kwa kuwa alistaafu kazi ya kurekodi muziki studio. Alishazika wake watatu. Watu walisema ni mkosi tu, maskini wa Mungu. Shangazi, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi na kicheko kilichosikika nyumba ya tatu, aliwajibu, "Mimi sifi ovyo. Bado nina nguo za watu."

Sebule ya mumewe haikuwa na meza wala kochi. Kilikuwepo kiti kimoja tu, katikati kabisa, na kila kona ilisimamishwa spika ndefu kama kabati la nguo. Jumapili ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, mume alimkalisha pale akamweleza kwa upole. Zamani, alisema, watengenezaji wa santuri walibuni namna ya kuficha sauti nne ndani ya mfereji mmoja wa sahani: mbili za mbele, mbili za nyuma, msikilizaji akae kati kama yumo ndani ya bendi. Lakini kila kampuni ikaja na mtindo wake. Mashine ya huyu haikusoma sahani ya yule. Wateja wakachoka, biashara ikafa.

"Walinicheka," alisema. "Nina spika nne, sina cha kuzilisha."

Akafunga madirisha. Akateremsha sindano ya mashine juu ya sahani.

Mwanamke akaanza kuimba bila maneno, kona ya mbele kulia. Wa pili akampokea kushoto. Wa tatu akaingia nyuma, karibu mno, hata shangazi akahisi nywele za kisogo zikimsimama. Spika ya nne, nyuma kushoto, ilikuwa kimya. Kisha wote wakanyamaza, na mmoja akauliza, kama mtu aliye upande wa pili wa mlango:

"Nani yupo hapo?"

Shangazi aliguna kicheko cha woga, akageuka. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, kidole midomoni, macho yameukodolea mdomo wa shangazi kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Jioni ile mteja alimtania. Shangazi akafungua kinywa acheke. Hakikutoka kitu. Kuongea aliweza. Kucheka, hapana.

Jumapili iliyofuata, spika ya nne ilicheka. Kilikuwa kicheko chake.

Katikati ya juma, wifi yake, dada wa mume, alikuja kupimwa gauni. Shangazi alipopitisha utepe kiunoni, wifi alimwinamia sikioni.

"Wifi," yule dada alinong'ona, "ukiulizwa pale kitini, usijibu."

"Wale ni kina nani?"

"Wake zake. Sauti zao zilikauka kwanza. Kisha wakakauka wenyewe." Akatazama dirishani. "Kaka alikwenda kwa mganga. Akaambiwa kila spika ina tumbo lake."

"Ulijua? Na harusini kwangu ukacheza?"

Wifi akainamisha kichwa. "Bila wewe, angenikalisha mimi."

Shangazi aliushusha utepe nyongani. Alimaliza kupima.

Kukimbia aliweza. Wengi tulimuuliza baadaye kwa nini hakukimbia. Alisema, "Na kicheko changu nimwachie nani?"

Jumapili ikafika. Aliingia sebuleni na pini za kushonea amezibana kwa midomo, kama afanyavyo fundi akiwa kazini, akaketi mwenyewe.

"Toa hizo pini," mume alisema.

Alitikisa kichwa.

Sindano ikashuka. Wale watatu wakaimba, wakanyamaza.

"Nani yupo hapo?"

Mume alimshika kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, akakikunja kwa nyuma. Polepole. Kikalia kama kijiti. Shangazi akabana midomo mpaka pini zikamchoma na damu ikamshuka kidevuni. Akashikwa cha pili. Kikavunjika. Machozi yalimtoka. Sauti, hapana.

"Nani yupo hapo?"

"Jibu, mwanamke!" mume akafoka.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifoka. Ikawa na ya mwisho. Midomo yake iliendelea kucheza, lakini maneno yalitokea nyuma kushoto. *Jibu, mwanamke. Jibu, mwanamke.* Kisha, kwa sauti ndogo, *Toa sindano.*

Wale watatu hawakuimba tena. Walianza kutembea. Nyayo tupu zilisikika zikitoka kona ya mbele, zikaambaa ukuta, zikapita spika moja hadi nyingine. Bila haraka. Zikaishia kwenye ile ya nne.

Ndipo sauti ya mume ikaanza kupiga mayowe.

Alipiga magoti, akaonyesha mashine kwa mikono miwili. Shangazi alitema pini. Akamwinua, akamkalisha kitini, akamfunga kwa utepe wake wa kupimia. Sahani ilipokwisha, akairudisha mwanzo.

Alimchezea kila alasiri. Watu wakimuona mzee anavyokonda, walimsifu mke kwa uvumilivu. Alasiri moja, katikati ya mayowe, mwanamke wa kona ya mbele alinong'ona:

"Dada, ivunje hiyo sahani. Tumechoka. Tuache tulale."

Wifi naye alikuja kuomba, analia, akashika mguu wake.

"Nikiivunja, na yeye atalala," shangazi alijibu.

Akaongeza sauti.

Mzee alifia kitini. Hapo tu ndipo shangazi alipoiponda sahani kwa pasi. Hakucheka tena mpaka tunamzika, na kila alipousimulia mkasa huu aliisifu sana subira yake. Wale watatu hakuwataja isipokuwa ukimuuliza.

Siku hizi nyumba ile tunaishi sisi. Spika zilishauzwa vipuri, sebule tumeipaka rangi, tumeweka makochi. Juma lililopita nilikuwa jikoni naosha vyombo, nyumba kimya kabisa. Nilipotoka nikamkuta binti yangu mdogo kona ya nyuma kushoto, ameanguka, paji limepasuka. Kinywa kilikuwa wazi, mishipa ya shingo imemtoka, analia kwa nguvu zake zote.

Sikusikia chochote mpaka nilipomvuta hatua moja kutoka ukutani.