Fundi Aliyepumzisha Fizi

Fundi cherehani huyu alikuwa na mkasi mzuri tu, lakini uzi alikuwa anaukata kwa meno. Mafundi wengi ndivyo walivyo. Mkono mmoja umeshika kitambaa, wa pili unazungusha gurudumu, kilichobaki ni mdomo. Basi siku nzima ni kat! kat! na umbea juu yake.

Siku moja alikata uzi kwenye shati jeupe la mteja, tone la damu likabaki kwenye kola.

"Uzi huu umenichana fizi," alimwambia mumewe.

"Si ubadilishe uzi?"

Akabadilisha. Damu haikukoma. Akipiga mswaki, povu linatoka jekundu. Basi akafanya jambo ambalo mpaka leo linanipandisha hasira: akaacha mswaki! Eti kidonda hakisuguliwi. Akawa anasukutua kwa maji ya chumvi tu.

Na hakuacha peke yake. Binti yake naye alipotema damu asubuhi akijiandaa kwenda shule, alinyang'anywa mswaki.

"Zipumzishe fizi, mwanangu. Mimi mwenyewe nazipumzisha."

"Lakini mama, mwalimu alisema..."

"Mwalimu ndiye aliyekuzaa?"

Mtoto akabeba mkoba, akaenda shule bila kupiga mswaki.

Miezi ikapita. Mdomo wa fundi ukaanza kunuka. Wateja walipopimwa nguo, waligeuza uso. Mumewe alilala akiangalia ukuta. Fundi aliyaona yote hayo, na yalimuuma sana. Fizi zilivimba, kisha zikaanza kuachana na meno. Mchana mmoja aliuma uzi, jino la mbele likasogea, likabaki linaning'inia.

"Baba watoto! Jino linacheza!"

Mume alitazama, akashtuka. "Twende hospitali. Hiyo nguo iache hapo hapo kwenye cherehani."

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliuliza: una mimba? Unavuta sigara? Kuna dawa unazotumia? Akampima na kisukari. Hakukuwa na lolote.

"Nauliza kwa sababu hayo yanaweza kuzidisha damu kwenye fizi," alisema. "Lakini kwako sababu naiona kwa macho. Shika kioo. Huo ugumu wa njano kwenye mashina ya meno unauona?"

"Nauona."

"Ni ukoga. Unaanza kama utando laini wenye vijidudu. Mswaki usipouondoa, unaganda kama jiwe. Fizi zinavimba, zinatoka damu."

"Kwa hiyo si uzi?"

"Uzi utakumega meno, hiyo tabia iache. Lakini damu ilipoanza, ulitakiwa upige mswaki vizuri zaidi. Wewe ukaacha kabisa."

Fundi akagusa meno yake ya mbele. "Na haya yanayocheza?"

"Pole, mama. Mawili ya mbele tutayang'oa. Mfupa uliokuwa unayashika umeshaliwa, na haurudi. Mengine nitayasafisha, tupambane nayo."

Machozi yakamtoka. Kisha akaruka kwenye kiti kama aliyechomwa sindano.

"Mungu wangu! Binti yangu! Nilimkataza mswaki!"

"Mleteni leo hii," daktari alisema.

Baba alikimbia shuleni. Mtoto akaja na sare yake, akafungua mdomo. Daktari alikagua taratibu. Fundi alikuwa amesimama pembeni.

"Fizi zimevimba, lakini mfupa mzima," daktari alisema mwishowe. "Huyu tumemuwahi."

Alimsafisha mtoto meno, kisha akawaelekeza. Mswaki uwe laini, dawa ya meno iwe na floraidi. Asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Msisugue kwa nguvu. Pitisheni pale jino linapokutana na fizi, na katikati ya meno pia msafishe.

"Damu itatoka siku za mwanzo. Msiache! Wiki mbili zikiisha na bado inatoka, rudini mnione."

Fundi aling'olewa yale mawili. Siku hizi anaongea na wateja mkono ukiwa mdomoni, na umbea umepungua. Lakini kila jioni anasimama karibu na mtoto, akimwangalia anavyopiga mswaki.

Jioni moja mtoto alitema, mate yakatoka meupe.

"Mama, njoo uone! Hakuna damu!"

Alikenua meno yote. Mama akacheka kwa furaha mpaka akasahau kuziba mdomo, na mtoto akaliona lile pengo. Kicheko kikamkauka mama.

"Huko nyuma umefika?" aliuliza.

"Nimefika, mama."

"Rudia."